Seva ya Nyumbani: Umeme Kwanza, Prosesa Mwisho

Mtu akiniuliza anunue prosesa gani kwa ajili ya seva ya nyumbani, mimi humuuliza kwanza umeme wa mtaani kwake ukoje. Hukatika mara kwa mara? Ukirudi, hutulia au huanza kwa kuchezacheza? Jioni, majirani wakishawasha feni na pasi, taa hufifia? Majibu hayo yana uzito zaidi kwa usalama wa faili zake kuliko jina lolote la prosesa. Ndiyo maana huumia nikimwona mtu amemaliza bajeti yote kwenye kompyuta, kisha akaichomeka moja kwa moja ukutani.

Kuhifadhi faili ni kazi nyepesi. Seva inapokea picha za simu za familia, video za harusi kama mwenye nyumba ni mpiga picha, hati za biashara, na kuzitoa zinapohitajika. Mtandao wa kebo wa gigabiti moja, ambao ndio uliomo kwenye ruta na swichi nyingi za nyumbani, unapitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde. Diski moja ya kisasa ya inchi 3.5 inasoma faili kubwa kwa kasi zaidi ya hiyo. Kwa hiyo kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, kama vile Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zile zinazopangwa kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi, inatosha kabisa kwa kazi hii.

Udhaifu wa kompyuta hizo ni pawasaplai. Nyingi zina nafasi ya diski moja au mbili tu, na pawasaplai yake ina umbo la kampuni iliyoitengeneza, hivyo ya kawaida ya dukani haiingii. Mtu anayetaka diski nne hulazimika kuunganisha adapta za kugawa umeme. Hapa nasisitiza: epuka adapta ambazo plastiki ya kichwa chake imemiminwa juu ya nyaya. Ndani yake nyaya zinaweza kukaribiana mno, zikagusana, na kichwa kikaungua pamoja na diski. Tafuta zile ambazo unaona kila waya ukiingia peke yake na kubanwa mahali pake.

Kuna jambo lingine kuhusu diski ambalo wengi hawalijui. Diski ya inchi 3.5 ikiwa inafanya kazi hula wati 5 hadi 8 hivi, lakini sekunde zile za kwanza inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12, yaani kama wati 24. Diski nne zikianza pamoja zinakaribia wati 100 kwa mkupuo. Pawasaplai iliyozeeka huweza kuvumilia kila kitu isipokuwa mkupuo huo. Dalili yake ni hii: kila ukiwasha seva ikiwa imepoa, diski moja haionekani, na leo ni hii, kesho ni ile. Ukikuta diski zinabadilishana zamu ya kupotea, ziache diski na uikague pawasaplai.

Piga hesabu ya umeme kabla hujavutiwa na seva kubwa za makampuni zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Mashine inayokula wati 40 mfululizo inamaliza takriban yuniti 29 kwa mwezi. Inayokula wati 100 inamaliza yuniti 72, na seva ya zamani yenye prosesa mbili inaweza kufika hapo bila kufanya kazi yoyote. Wenye mita za LUKU, wanaolipia umeme kabla ya kuutumia, wataliona hilo upesi.

Sasa UPS, yaani kifaa chenye betri kinachokaa kati ya ukuta na seva. Kazi yake hapa ni kuipa seva dakika chache za kujizima kwa utaratibu, maana diski ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, faili iliyokuwa njiani inaweza kubaki nusu. Chagua UPS inayosawazisha umeme mdogo na mkubwa, kisha uiunganishe na seva kwa waya wa USB. Programu ya bure ya Network UPS Tools itaiambia seva muda wa kujizima umefika. Bila waya huo umenunua kuchelewesha ajali tu. Betri za UPS nazo huchoka baada ya miaka michache, na joto la pwani huharakisha kuchoka huko. Kwa hiyo chagua siku, hakikisha nakala zako zipo, kisha chomoa UPS ukutani mchana kweupe na utazame kinachotokea. Kama seva inazima papo hapo, na betri ni mpya, huenda pawasaplai yako haielewani na umeme wa ngazingazi unaotolewa na UPS za bei nafuu; utahitaji inayotoa wimbi laini.

Kwenye diski ndipo pa kutumia pesa. Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni kama diski inaandika kwa mtindo wa CMR au SMR. Kwenye CMR, njia za data hukaa kando kwa kando; kwenye SMR hulaliana kama makuti ya paa: ukitaka kubadilisha kuti la chini, lazima uinue yaliyolala juu yake. Kwa kuhifadhi video usizozigusa, SMR haina neno. Ndani ya kundi la diski zinazolindana ni balaa, kwa sababu diski moja ikifa na ukaweka mpya, kuijaza upya kunahitaji kuandika mfululizo kwa saa nyingi, na diski ya SMR hulemewa hadi mfumo ukaitoa ukidhani imekufa. Mwaka 2020 jambo hili lilizua kelele kubwa, pale Western Digital ilipokiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, za terabaiti 2 hadi 6, zilikuwa SMR, ilhali ziliuzwa mahsusi kwa seva za kuhifadhia. Watumiaji wa mfumo wa faili wa ZFS ndio waliolia zaidi. Kampuni baadaye ilizitenga za CMR kwa jina la WD Red Plus, na jina hilo ndilo la kutafuta kwenye kibandiko.

Diski zilizotumika nazo zinataka macho. Mapema mwaka 2025 huko Ujerumani, tovuti ya habari za kompyuta ya Heise ilifichua diski za Seagate Exos zilizouzwa kama mpya kumbe zimetumika kwa maelfu ya saa. Hesabu ya saa katika SMART, kumbukumbu ambayo diski huiweka kuhusu afya yake, ilikuwa imefutwa, lakini Seagate huweka kumbukumbu nyingine ndani ya diski, iitwayo FARM, na huko saa zote zilikuwamo. Matoleo mapya ya smartctl, programu ya kusoma kumbukumbu hizo, yanaisoma kwa amri ya smartctl -l farm. Saa za SMART na za FARM zisipolingana, rudisha diski.

Tuje kwenye kutafuta hitilafu. Tuseme kunakili faili kumeshuka ghafla hadi megabaiti 11 kwa sekunde. Namba hiyo inajieleza. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo. Jozi moja ikikatika, mara nyingi vifaa hushuka hadi megabiti 100, ambayo hutosheka na jozi mbili, na megabiti 100 ni karibu megabaiti 11 hadi 12. Badilisha kebo kabla hujagusa mipangilio yoyote.

Kuhusu diski zenyewe, tumia smartctl na utazame mistari minne. Namba 5 huhesabu vipande vilivyoharibika na kuhamishwa. 197 ni vipande vinavyosubiri kuamuliwa. 198 ni vile vilivyoshindikana kusomeka. Hizo tatu zikianza kupanda, agiza diski mpya. Namba 199 ni tofauti kabisa. Inahesabu makosa yaliyotokea njiani, kati ya diski na bodi, na mara nyingi mkosaji ni kebo ya SATA iliyolegea au kupindwa kupita kiasi. Hesabu yake hairudi sifuri, kwa hiyo iandike ilivyo leo, badilisha kebo, nakili faili nyingi, kisha tazama tena. Isiposogea, diski yako ni nzima. Diski nyingi zinatupwa kwa kosa la kebo, na hilo linaniuma kila ninapolikuta kwa mafundi.

Lakini usiiamini SMART kupita kiasi. Watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya laki moja. Diski iliyoonyesha kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote ya SMART, ukiacha joto. Kwa hiyo hata seva yenye diski zinazolindana inahitaji nakala nyingine nje ya nyumba, kwa ndugu au ofisini. Diski pacha itakuokoa diski moja ikifa. Mtoto akifuta folda, pacha naye anaifuta sekunde hiyo hiyo, na mwizi akiingia anabeba zote mbili.

Joto nalipitia haraka: watengenezaji wengi wanaruhusu hadi nyuzi 60, mimi sipendi diski ivuke 45. Kwa chumba cha Mombasa au Dar es Salaam hiyo ina maana ya feni inayopuliza diski moja kwa moja, na kufuta vumbi mara kwa mara. Seva isiwekwe kabatini.

Kazi ya mwisho ifanye siku ile ile unapofunga diski, kabla ya tatizo lolote. Andika namba ya utambulisho ya kila diski kwenye kibandiko na ukibandike upande unaoonekana bila kuichomoa diski. Majina ambayo mfumo huzipa diski, kama sda na sdb, huweza kubadilika seva ikiwashwa upya, na siku diski moja imekufa, ukachomoa nzima badala ya mbovu, kundi la diski mbili halina tena pa kusomea.