Kutoka Soni hadi Tanga na mzigo wa nyanya

Vijana wengi mnaolima nyanya Lushoto mnaujua mzigo wenu mpaka pale fuso inapokata kona. Baada ya hapo ni kusubiri simu ya dalali. Wiki iliyopita niliongozana na msafara wa magari matatu ya kikundi kimoja cha vijana, tukaufuata mzigo hadi Tanga mjini.

Tulipakia Soni saa kumi na moja alfajiri. Nusu ya mzigo ilikuwa kwenye matenga yaliyojazwa hadi pomoni, nyanya nyekundu kabisa, maana dalali anapenda "zinazoonekana". Nusu nyingine ilikuwa kwenye kreti za plastiki za kuazima, nyanya zilizochumwa zikiwa zimeanza tu kugeuka rangi.

Soni kushuka Mombo ni kona juu ya kona, na kwenye tenga nyanya ya chini ndiyo inayobeba wenzake wote. Mombo baridi ya mlimani imekwisha, joto limeanza. Tuliposimama kunywa chai, kijana mmoja akaona bodi inadondosha maji.

"Bwana shamba, kumbe huku kumenyesha?"

"Kumenyesha wapi, mdogo wangu? Hizo ni nyanya zako."

Hakumaliza chapati.

Baada ya Korogwe unaanza kukutana na mkonge. Zao hili liliingia nchini mwaka 1893, na angalieni wenye mashamba walivyojipanga: korona, ile mashine ya kuchakata majani, iko hukohuko shambani. Jani likishakatwa halitakiwi kukaa sana. Walikubali mapema kwamba muda ni sehemu ya gharama.

Segera tukakata kushoto, tukaiacha njia ya Dar. Muheza machungwa yako barabarani, mengi ya kijani na bado ni matamu. Usiku wa ukanda huu hauna baridi ya kutosha kuligeuza ganda rangi. Wakulima wengi huku huuza yakiwa bado mtini, mnunuzi anachuma mwenyewe. Mimi sipendi utaratibu huo, unampa mnunuzi nafasi ya kukadiria mti kwa faida yake. Lakini hasara ya njiani inakuwa yake pia.

Soko la Mgandini ndipo hesabu ilipokuja. Mama mmoja wa jumla alimwaga tenga la kwanza kwenye turubai, akachambua. Zilizopasuka akazitia ndoo, ndoo ikajaa. Bei ya tenga ikashuka, na hakutaka kusikia habari za mbolea wala dawa mliyopiga. Kreti alifungua mbili tu, akachukua zote kwa bei tuliyotaja.

Kwa hiyo kwa safari ndefu chumeni asubuhi umande ukikauka, tunda likianza kugeuka, na wekeni kivulini mpaka gari lifike. Kreti nunueni kwa kikundi, mziandike majina, maana sokoni zinapotea kweli. Na gari lisirudi tupu: dereva wetu alipakia nazi za kupeleka Lushoto, akatupunguzia nauli ya mzigo.