Chumba chetu cha kamba kisiwe tanuru



Mnajua wote chumba kile cha mabati nyuma ya jikoni, pahali tunapojizoeza kupanda kamba. Juma lililopita, saa nane ya mchana, mwenzetu wa mwaka wa ine alifika karibu na paa, mikono ikateleza sababu ya jasho, akashuka mbio. Viganja vyote viliungua na kamba. Wengine wanasema yeye ni mlegevu. Mimi nasema hapana. Ni joto lilimshinda.

Tuelewe vizuri. Hapa kwetu ni karibu na ikweta, basi saa sita jua linasimama karibu juu ya kichwa. Linapiga paa kuliko ukuta. Mabati, ao manjanja kama tunavyosema, yanashika moto upesi na kuupeleka ndani. Tena hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Basi mwenye kupanda kamba anaacha hewa ya baridi miguuni, anaingiza kichwa ndani ya moto.

Wenzetu waliotoka Masisi wanacheka. Kwao ni milimani, na kila meta 1000 za kupanda joto linapunguka karibu digri 6. Lakini sisi Walikale tuko chini, ndani ya pori. Hewa imejaa maji, jasho halikauki upesi, na jasho lisipokauka halipozi mwili.

Tufanye nini?

Kwanza, tutoboe matundu juu kabisa, chini ya ncha ya paa, na mengine chini karibu na sakafu. Hewa ya moto itatoka juu, ya baridi itaingia chini.

Pili, tufunge mikeka ya mianzi chini ya mabati, tukiacha nafasi katikati hewa ipite.

Tatu, tupake mabati chokaa. Rangi nyeupe inarudisha jua. Mvua ikiiosha, tutapaka tena.

Ine, tujizoeze saa kumi na mbili ya asubuhi, si saa nane.

Na mtu akisikia kizunguzungu ao kichwa kuuma, ashuke polepole, akae kivulini, anywe maji, wenzake wampepee. Hiyo si haya.

Bwana Prefe amesema ajali ikirudia atafunga chumba. Ana haki. Lakini mianzi iko kando ya mto, haiuzwi. Jumamosi, kisha usafi, kila mtu aje na panga.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita