Kusi Ikivuma, Mishomoroni Huruka

Juni ikiingia, mafagio ya chelewa huanza kukonda nyumba hadi nyumba katika Mishomoroni, Kisauni, hapa Mombasa. Watoto huchomoa chelewa moja hapa, mbili pale, na jioni baada ya skuli tiara hupaa juu ya mapaa ya mabati, kutoka upande wa mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor hadi njia ya kwenda Mtopanga. Wakubwa hupita chini yake bila kuinua macho, kwa kuwa wanaona ni mchezo wa watoto. Mimi naona kwamba katika anga hilo kuna somo ambalo wengi wetu tulilikosa darasani, na kwamba kipupwe ndio wakati mzuri kuliko wote wa kulifundisha.

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Kwa hivyo Juni, Julai na Agosti ndiyo majira yetu halisi ya baridi, hata kama baridi yenyewe ni ya kuvuta shuka usiku na si ya kuvaa koti. Joto la mchana, ambalo mwezi Machi hufika nyuzi 33, hushuka hadi 27 au 28. Jua limehamia kaskazini, linaichoma India na Bara Arabu; hewa ya huko hupata moto, hupanda, na kanieneo hupungua. Wakati huohuo, karibu na visiwa vya Mauritius na Réunion, eneo kubwa la kanieneo ya juu linazidi kuimarika. Hewa hutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye ndogo, nasi tuko katikati ya njia yake. Mzunguko wa dunia huipinda hewa hiyo kushoto ikiwa bado kusini mwa ikweta, ndiyo maana hapa hutufikia kutoka kusini mashariki, nasi huiita kusi. Ikishavuka ikweta hupindwa kulia, na kuelekea India ikitokea kusini magharibi. Manahodha wa majahazi waliijua njia hiyo na kuitumia karne nyingi kabla ya kuwapo kipimo chochote cha hali ya hewa.

Kilichokuja kujulikana baadaye ni kinachopita juu ya vichwa vyetu. Mnamo 1969 mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye Findlater alichapisha maelezo ya mkondo wa upepo unaopita kwa kasi kando ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, takriban kilomita moja na nusu juu ya usawa wa bahari, katika miezi hii hii ya kusi. Siku nyingine kasi yake huzidi kilomita 100 kwa saa. Mkondo huo ni miongoni mwa mikondo mikubwa kabisa ya upepo wa chini duniani, na ndio unaobeba sehemu kubwa ya unyevu wa mvua za India. Tiara ya mtoto wa Mishomoroni haifiki huko, lakini upepo unaoishika ni sehemu ya mfumo huohuo.

Sifa ya kwanza ya upepo huu kwa mtu anayetaka kurusha kitu ni kwamba hautangatangi. Umetembea maelfu ya kilomita juu ya bahari tupu, pasipo mlima wala msitu wa kuuvuruga, na unapofika pwani unavuma kutoka upande mmoja kutwa nzima, siku baada ya siku. Wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana zamu, huwezi kutegemea lolote: uzi unakaza dakika mbili, kisha tiara inaanguka kama kitambaa. Katika kusi mtoto anaweza kubadili kitu kimoja tu, mkia kwa mfano, akarusha tena na kuona tofauti, kwa sababu upepo wa leo ni sawa na wa jana. Watafiti wa ndege hujenga mahandaki ya upepo kwa gharama kubwa ili wapate hali hiyo. Sisi huletewa bure kwa miezi minne.

Sifa ya pili ni uzito wa hewa. Hewa ikipoa hujikusanya, na hewa iliyojikusanya hubeba vizuri zaidi. Kati ya adhuhuri ya Machi na alfajiri ya Julai hapa Mombasa tofauti ni kama asilimia 3 au 4, kiasi ambacho mkono hausikii. Tofauti ya mwinuko ndiyo kubwa. Nairobi, ambako watu wa Aero Club of East Africa wamekuwa wakiruka kwa starehe tangu 1927, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko yetu kwa karibu asilimia 15. Rubani wa ndege ndogo anayeondoka uwanja wa Wilson huhitaji mbio ndefu zaidi ardhini kuliko akiwa Ukunda au Malindi akiwa na mzigo uleule. Ndege ya mfano inayojikokota kule juu, ikiletwa pwani hupata nguvu bila kubadilishwa hata msumari.

Lakini kinachotawala kila kitu ni kasi. Nguvu ya upepo juu ya bawa haikui sambamba na kasi yake; hukua kwa kipeo cha pili. Upepo ukitoka kilomita 15 kwa saa ukawa 30, nguvu huwa mara nne. Chukua tiara ya mraba yenye sentimita 50 kila upande. Upepo wa kilomita 15 huisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa robo kilo hivi. Ukifika 30, mvuto huo unakaribia kilo nzima, na mtoto wa miaka saba huusikia vizuri mkononi. Ndiyo sababu uzi wa kushonea hukatika Julai hata ukiwa mpya, na wenye uzoefu huomba mshipi uliochakaa kwa wavuvi.

Itazame tiara yenyewe kwa karibu. Chelewa mbili zimekingamana, moja imepindwa kidogo kama upinde. Karatasi ni ya gazeti au ya daftari lililokwisha, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Kifuani kuna nyuzi mbili fupi zinazoungana na uzi mkuu, na hapo ndipo siri ilipo. Fundo la muungano likisogezwa juu sentimita moja, tiara hulala zaidi juu ya upepo. Likishushwa, husimama wima na kuukinga. Ikilala mno, upepo hupita bila kuinyanyua. Ikisimama mno, hewa huachana na mgongo wake, inavurugika, na tiara inayumba na kupiga mbizi. Kati ya hali hizo mbili kuna pembe moja nzuri, na mtoto huitafuta kwa vidole. Rubani anayeshusha ndege ya abiria katika uwanja wa Moi, Port Reitz, analinda pembe hiyohiyo: bawa likiinuliwa kupita kiasi, hewa huachana na mgongo wake na ndege hupoteza nguvu ya kuibeba.

Mkia nao una kazi yake. Hauipi tiara uzito tu, huivuta nyuma na kuirudisha kwenye mstari kila inapoelemea upande. Mkia mfupi huifanya izunguke, na mrefu mno huilemea. Mfaransa Alphonse Pénaud alilishughulikia tatizo hilo kwa njia nyingine mnamo 1871, alipotengeneza ndege ndogo iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, akaiwekea bawa dogo la nyuma lililoinama kidogo. Iliruka Paris mbele ya watu kwa sekunde 11 na haikupinduka. Miaka michache baadaye, 1878, wavulana wawili wa Marekani waliletewa na baba yao kidude cha kuruka kilichotumia mpira kwa namna hiyo. Majina yao ni Wilbur na Orville Wright.

Na hao ndugu wawili hawakuanzia kwenye injini. Mnamo 1899 walirusha tiara yenye upana wa kama mita moja na nusu ili wajaribu namna ya kupinda mabawa. Kisha walichunguza rekodi za upepo za ofisi ya hali ya hewa ya nchi yao wakitafuta pwani yenye upepo wa kutegemewa na mchanga wa kuangukia, wakachagua Kitty Hawk. Chombo chao cha kwanza huko walikirusha kwa kamba muda mwingi. Safari iliyowapa sifa, ya tarehe 17 Desemba 1903, ilifanyika majira ya baridi yakianza. Asubuhi hiyo madimbwi yalikuwa yameganda barafu. Upepo wa mbele ulizidi kilomita 30 kwa saa. Injini yao ilikuwa na nguvu za farasi kama 12 tu, na hewa ile nzito pamoja na upepo ule wa uso kwa uso viliisaidia kukinyanyua chombo. Kiliruka sekunde 12, umbali wa mita 36. Uwanja wa kawaida wa kandanda una urefu karibu mara tatu ya huo.

Mishomoroni ina kikwazo ambacho Kitty Hawk haikuwa nacho, nacho ni nyumba. Upepo unaotoka baharini hulazimika kupanda na kushuka juu ya majengo ya Nyali na mapaa ya jirani, ukavunjika vipande vipande. Mafundi wa mitambo midogo ya upepo wana kanuni yao: jengo huvuruga hewa hadi mara mbili ya kimo chake kwenda juu, na hadi mara ishirini ya kimo hicho upande wa nyuma. Nyumba ya mita 6 basi huharibu upepo kwa zaidi ya mita 100. Ndiyo maana tiara inasumbua sana inapokuwa chini, halafu ikishayapita mapaa inatulia ghafla na uzi unakaza. Juu kule kasi yaweza kuwa mara mbili ya ile ya uchochoroni, au zaidi. Anayetaka kuanza bila taabu na atafute mahali penye uwazi upande wa upepo. Kiwanja cha mpira kinafaa kuliko barabara, na ufuo mpana wa Bamburi unafaa kuliko vyote, hasa maji yakitoka.

Ndege za mfano ni habari nyingine. Zile za kurusha kwa mkono, zinazochongwa kwenye povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni madukani, haziwezi kustahimili kusi ya alasiri. Zitasombwa mpaka kwa jirani. Saa yao ni asubuhi na mapema. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, na upepo wa umande hutoka bara taratibu ukikabiliana na kusi. Kwa saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza pepo hizo karibu zinasawazishana, na hewa hutulia. Hapo chukua bawa lako, pima upana wake kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, uweke alama kwenye robo ya kwanza. Bandika sarafu puani, moja moja, hadi ndege yote isimame sawa juu ya vidole viwili vilivyowekwa kwenye alama hiyo. Kisha isukume mbele kwa upole, bila kuitupa juu. Ikipanda ghafla na kuanguka, pua ni nyepesi, ongeza. Ikichimba chini, punguza. Kwa marekebisho hayo tu, kipande cha povu huvuka kiwanja kizima.

Ndugu zetu walioko Toronto au Oslo hawana asubuhi kama hiyo mwezi Januari. Huko betri za ndege za rimoti hulegea kwa baridi, vidole hufa ganzi, na wenye kupenda mchezo huu hufunga ndege zao viatu vya kuteleza juu ya theluji au huingia ndani ya kumbi. Mchezo wa ndani una mabingwa wake. Daraja moja la mashindano ya kimataifa linataka ndege ya mpira yenye upana wa sentimita 55 na uzito usiopungua gramu 1.4, bila kuhesabu mpira wenyewe, na ndege hizo huweza kukaa hewani zaidi ya dakika 20 zikielea polepole. Mashindano makubwa yamewahi kufanyika chini ya ardhi, katika mgodi wa zamani wa chumvi wa Slănic, Romania, mahali pasipo upepo hata kidogo. Wao wanasafiri mbali kuukimbia upepo, nasi tumepewa upepo ulionyooka na utulivu wa asubuhi katika siku moja, mahali pamoja.

Anayetaka kwenda mbali zaidi, kwa droni au ndege ya rimoti, aulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Kanuni za mwaka 2020 zimeweka masharti ya usajili na idhini, na kimo cha droni hakipaswi kuzidi futi 400, yaani kama mita 120. Mombasa ina uwanja wa kimataifa ndani ya mji, hivyo jambo hili si la kupuuzwa hata kwa siku moja.

Kuna ombi langu kwa wazazi na walimu wa Kisauni. Viwanja vya wazi vinazidi kujengwa, na watoto sasa hupanda juu ya mapaa ya gorofa kutafuta upepo, pembeni mwa nyaya za umeme. Wafungulieni viwanja vya skuli jioni za Julai na Agosti, na awepo mtu mzima mmoja mwenye rula na uzi wa akiba. Wafundisheni wapime pembe, mkia na uzito, waandike walichokiona. Na jambo moja wasingoje kuambiwa mara mbili: tiara ikinasa kwenye nyaya, iachwe hukohuko, uzi uachiliwe na usiguswe tena. Karatasi na chelewa za kutengenezea nyingine zipo.