Kabla Hujailaumu Nozeli

Mwenye pikapu ya dizeli huijua vizuri injini yake siku anapoupanda mlima Kitonga akitokea Ruaha Mbuyuni, nyuma kabeba mifuko ya mbolea. Tambarare gari lilikuwa linakwenda bila kinyongo. Kona zikianza, anakanyaga mafuta na resi hazipandi, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na malori aliyoyaacha Mikumi yanampita moja baada ya jingine. Akifika Iringa, fundi wa kwanza atafungua boneti, atasikiliza mngurumo kidogo, kisha atatoa hukumu: "Bosi, nozeli zimekwisha. Zote nne."

Inawezekana ni kweli. Ila seti ya nozeli mpya kwa pikapu ya kisasa ni fedha za kuuza ng'ombe, na wapo waliozinunua, wakafunga, wakarudi mlimani na gari likafanya yaleyale. Kukosa nguvu, moshi mweusi, silensa isiyotulia (yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) na gari kugoma kuwaka ni dalili ambazo nozeli inazichangia na pampu, filta, vali na hata bomba linalovuta hewa. Bila kupima, hakuna sikio la fundi linaloweza kuzitenganisha.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapita nyuzi joto 500 za Selsiasi, halafu mafuta yanapulizwa humo na kujiwakia yenyewe. Kazi ngumu ni hiyo ya kupuliza. Rudolf Diesel, aliyeonyesha injini yake iliyofanya kazi vizuri huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, alilazimika kutumia kompresa kusukuma mafuta kwa hewa, mtambo mzito ambao usingebebeka kwenye gari dogo. Kampuni ya Robert Bosch ndiyo iliyoanza mwaka 1927 kutengeneza kwa wingi pampu za kusukuma mafuta zenyewe, na kwa miongo mingi baadaye mfumo ulibaki wa chuma kitupu: pampu inasukuma, springi ya nozeli inazidiwa nguvu, mafuta yanaingia. Hilux za zamani zenye injini za 2L na 3L ni za ukoo huo. Nozeli zake zilifunguka kwa presha ya bar mia moja na kitu, na zilivumilia mengi.

Mwaka 1995 Denso ya Japani ilileta kwenye malori mfumo mwingine, na mwaka 1997 Bosch wakauingiza kwenye magari madogo. Humo pampu haipeleki mafuta kwa kila nozeli kwa zamu. Inayajaza kwenye bomba moja nene, ambalo mafundi wanaliita reli, na kuyaweka humo yakiwa yamebanwa muda wote. Kompyuta ya gari ndiyo inayoamua nozeli ipi ifunguke, lini, na kwa muda gani. Hilux zilizoitwa Vigo, zenye injini za 1KD na 2KD, zilikuja na mfumo huu. Presha ndani ya reli zake hupita bar 1,300 injini inapofanya kazi nzito, na pikapu mpya zaidi zinavuka bar 2,000. Tairi la gari hilohilo lina bar mbili na nusu hivi.

Tuchukue pikapu ya silinda nne inayokwenda kilomita 80 kwa saa, resi 2,000, ikila lita nane kwa saa. Kila nozeli inapuliza mara 1,000 kwa dakika. Zote nne kwa saa moja zinapuliza mara 240,000. Gawanya zile lita nane utapata milimita za ujazo 33 kwa kila mpulizo, kiasi kisichofikia tone la maji. Hata hicho hakiingii chote kwa mara moja: kompyuta hutanguliza mchirizi mdogo, milimita moja au mbili za ujazo, ili moto uanze taratibu, ndipo mafuta yenyewe yafuate. Ndiyo maana Vigo nzima haigongi kama trekta. Mchirizi huo wa kwanza ukipotea, ule mlio wa kugonga wa kizamani unarudi, na dereva makini anausikia kabla taa haijawaka.

Sasa tuingie ndani ya nozeli, maana hapa ndipo kesi nyingi zinapoamuliwa. Watu hudhani umeme wa kompyuta unainyanyua sindano ya nozeli. Sumaku ndogo inayowashwa na umeme huo haina ubavu wa kushindana na bar 1,500. Inachofanya ni kufungua kivali kidogo juu ya nozeli. Juu ya sindano kuna chumba kilichojaa mafuta yenye presha ileile ya reli, yanayoikandamiza isifunguke. Kivali kikifunguka, mafuta ya chumba hicho yanatoka, presha ya juu inashuka, na mafuta ya chini yanainyanyua sindano. Umeme ukikatwa, kivali kinafunga, chumba kinajaa tena, sindano inakaa. Yote hayo ndani ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Yale mafuta yaliyotoka chumbani hayaingii kwenye silinda. Yanarudi tangini kupitia bomba la marejeo. Nozeli nzima inarudisha kidogo. Kikalio cha kivali kikilika, nozeli inarudisha mengi hata ikiwa imefungwa, na pampu inabaki kujaza ndoo iliyotoboka. Gari likiwa linatembea, pampu inazunguka kwa kasi na kufidia. Wakati wa kuwasha, starta inaizungusha polepole, na kompyuta haitazifungua nozeli mpaka reli ifike bar 200 au 300, kutegemea injini. Isipofika, utapiga starta mpaka betri ichoke.

Hapo ndipo lilipo jibu la fumbo linalowasumbua madereva: gari linawaka vizuri alfajiri, lakini ukilizima mchana kwenye foleni likiwa na joto, haliwaki. Dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kupenya kwa urahisi pale palipolika. Mafundi wa pampu za zamani waliijua fizikia hii bila kuisoma. Walimwagia pampu maji ya baridi, gari likawaka. Ujanja huo ulifanya kazi kwa sababu uliirudishia dizeli uzito wake. Pia unaweza kuipasua au kuikwamisha pampu, kwa hiyo nisisikie mtu amejaribu.

Kipimo cha marejeo hakihitaji maabara. Kwa injini ambazo mirija yake ya marejeo inafikika, fundi anaichomoa, anaunganisha kila nozeli na kichupa chake cha plastiki angavu chenye mistari, anawasha gari kwa dakika kadhaa, kisha anavipanga vichupa juu ya benchi. Vitatu vikiwa na usawa mmoja na cha nne kimejaa mara tatu yake, mgonjwa amejitaja mwenyewe, na huna sababu ya kununua nyingine tatu. Mashine ya kupimia nayo inatoa takwimu ya namna kompyuta inavyozisawazisha silinda: ni ipi inaongezewa mafuta ili isiachwe nyuma, na ipi inapunguziwa.

Vichupa vikilingana vyote, acha nozeli, rudi nyuma kwenye mkondo. Kukosa nguvu mlimani, pamoja na hitilafu P0087 inayosema presha ya reli iko chini, mara nyingi kunaishia kwenye filta iliyoziba. Tambarare inapitisha mafuta ya kutosha. Mzigo ukizidi, pampu inavuta na haipati. Au kunaishia kwenye ile vali ndogo iliyofungwa kwenye pampu, mafundi wanaiita SCV, inayopima kiasi cha mafuta yanayoingia kubanwa. Ikianza kukwama kwa uchafu, silensa inapanda na kushuka yenyewe, na gari linaweza kuzimika kwenye mataa. Vali hiyo ni nafuu mno ukiilinganisha na seti ya nozeli. Haijulikani tu.

Uchafu wenyewe unatoka wapi? Nafasi kati ya sindano ya nozeli na ala yake ni mikroni chache, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vumbi usiloliona kwa macho linatosha kuichubua. Dizeli iliyomiminwa kutoka kwenye dumu kando ya barabara, kwa faneli iliyoshinda inaning'inia kwenye msumari, imeshabeba vumbi hilo. Maji ni mabaya zaidi, kwa sababu yanaleta kutu na hayalainishi kitu. Tangi likiachwa nusu usiku kucha, hewa ya ndani ikipoa inaacha unyevu, na maji yakikaa chini ya dizeli, vijidudu na kuvu vinazaliana pale yanapokutana na kutengeneza ute mweusi unaoziba filta. Chini ya filta nyingi kuna kizibo cha kutolea maji. Madereva wengi wa pikapu hawajawahi kukigusa.

Halafu kuna mafuta ya taa. Yanaungua kwenye injini ya dizeli bila shida, ndiyo maana wachakachuaji waliyapenda, lakini ni mepesi na hayalainishi vya kutosha, na pampu ya presha kubwa haina oili nyingine ya kuvilainisha vyuma vyake zaidi ya dizeli inayopita ndani yake. Tanzania, kupitia EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuyawekea mafuta alama ya siri ili yaliyochanganywa yagundulike. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuchakachua kusilipe. Kwa maoni yangu bei imefanya kazi kubwa kuliko polisi.

Upande wa pili, dizeli halali nayo imebadilika. Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilianza kutaka salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni. Mapafu yetu yalihitaji hivyo. Ila kiwandani, mchakato wa kuondoa salfa huondoa pia viambato vilivyokuwa vikiilainisha pampu, hivyo inabidi dizeli iongezewe dawa ya ulaini. Kipimo chake ni rahisi kukipiga picha kichwani: kigololi cha chuma kinasuguliwa juu ya bamba, ndani ya dizeli yenye joto la nyuzi 60, kwa dakika 75, kisha kovu linapimwa kwa hadubini. Kwa kiwango cha Ulaya lisizidi mikroni 460. Anayechanganya mafuta ya taa anaizimua dawa hiyo pia.

Ikithibitika nozeli ni mbovu kweli, yapo mawili ambayo gereji nyingi huyaruka. Nozeli nyingi za kizazi hiki zimechapwa msimbo kichwani, kwa kuwa hata kiwandani hazitoki zikiwa sawa kabisa, na msimbo huo unaieleza kompyuta tofauti yake. Usipoingizwa kwa mashine, nozeli mpya itapewa amri za ile iliyotolewa. Jingine ni washa ya shaba chini ya nozeli. Ukirudishia kuukuu, gesi ya moto inapenya, masizi yanaingia kwenye oili, na kwenye injini kama 1KD masizi hayo yamewahi kuziba chujio la sampo mpaka injini ikanoki, huku mwenye gari akijua alibadilisha nozeli tu.

Na fundi aliyezoea Hilux za 3L asilegeze kamwe nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inaunguruma ili kutafuta silinda isiyochoma. Kwenye reli ya bar 1,000, mafuta yanayochomoka yanapita glovu na ngozi. Jeraha linaonekana kama limechomwa na mwiba, na kwa saa za mwanzo haliumi sana, huku dizeli ikitambaa ndani ya nyama na kuiua. Asipake dawa akaendelea na kazi. Aende hospitali saa hiyohiyo, na amwambie daktari wazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha, maana kidole kama hicho kinahitaji kupasuliwa na kusafishwa haraka, na kikicheleweshwa kinaweza kuishia kukatwa.