Ufunguo wa Lausanne na sanduku letu

Tarehe 20 Machi 2025 Komite ya Kimataifa ya Olimpiki ilikutana Ugiriki ikamchagua Kirsty Coventry wa Zimbabwe, muogeleaji mwenye medali saba za Olimpiki na mama wa watoto wawili. Ni mwanamke wa kwanza kuiongoza, na Mwafrika wa kwanza pia.

Lakini siku ile hakukalia kiti. Thomas Bach, aliyeongoza miaka 12, alibaki kazini miezi mitatu zaidi, Coventry akijiandaa. Ndipo tarehe 23 Juni, huko Lausanne, Uswisi, Bach akamkabidhi ufunguo mbele ya watu.

Mimi miezi ile mitatu ndiyo inayonivutia kuliko medali. Chama cha akiba kikipiga kura asubuhi, na jioni prezida wa zamani akarudi kwake na daftari, huyu mpya atajuaje nani anadaiwa nini? (Kuna wakati sanduku nalo hufuata daftari!)

Basi wa Kasongo na wa Kabambare, mkichagua, komite mbili zikae pamoja mikutano minne. Wasome madeni kwa sauti, wahesabu pesa mbele ya wanachama wote. Funguo zitolewe mwishoni.