Deni la zamani: hesabu miaka kabla ya kutuma pesa

Msikilizaji, umepigiwa simu ukidaiwa pesa za mbolea uliyokopa miaka minane iliyopita? Kabla ya kutuma chochote, hesabu miaka.

Hapa Kenya, sheria ya muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, humpa mdai miaka 6 kukushtaki kwa deni la mkataba wa kawaida. Miaka huhesabiwa tangu siku uliyopaswa kulipa ukakosa, si siku uliyokopa. Mkopo uliowekewa shamba kuwa dhamana una miaka 12. Na kama mahakama ilishatoa hukumu, mdai ana miaka 12 ya kuitekeleza.

Wengi hunaswa hapa: ukituma hata shilingi 200 ili wakupe nafasi, au ukitia sahihi barua ya kukubali deni, hesabu inaweza kuanza upya. Kwa hiyo muulize anayekupigia: deni ni la lini, na malipo ya mwisho yalifanywa lini? Mwambie akuletee maandishi.

Ukiletewa samansi, usinyamaze, kwani hukumu inaweza kutolewa bila wewe. Jibu ndani ya siku zilizoandikwa, na useme wazi kwamba muda wa kushtaki umepita.

Tunajua dawa ya deni ni kulipa, na muda kupita hakulifuti deni. Ni mahakama tu ambayo haitakulazimisha. Ukitaka kulipa, hakuna anayekuzuia. Lakini lipa ukijua haki yako, si kwa kutishwa.