Njiti Nne na Akili ya Bibi

Haya machalii wangu wa Sokon I, hapa Arusha, sogeeni. Nani ana kiberiti? Toa njiti nne, kiberiti chenyewe nipe mimi nikishike, nawajua nyinyi. Simamisha njiti mbili sambamba, vichwa juu. Mbili zilizobaki zilaze zikatize zile za kwanza, vichwa kulia. Umemaliza? Sasa mwenzako apange vivyo hivyo hapo pembeni, na asigeuze hata kichwa kimoja.

Mnacheka. Kwenu ni mchezo wa dakika moja. Lakini mchezo wa namna hiyo umetumika kumpima mzee kama kichwa chake bado kinashika mambo au kimeanza kupoteza, na umetumika jirani tu na hapa, kwenye vijiji vya Hai.

Hai mnaijua. Ukipanda gari la Moshi unapita Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, unaiacha njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, mara uko Boma Ng'ombe, makao ya wilaya. Mwaka 2010 timu ya Watanzania na Waingereza, mmoja wao akiwa daktari Richard Walker, aliyefanya kazi na watu wa Hai kwa miaka mingi, iliingia katika vijiji sita. Walimtafuta kila mzee wa miaka 70 kwenda juu. Wakawafikia wazee 1,198. Swali lao lilikuwa moja: kati ya hawa, wangapi wana ugonjwa wa kusahau, ule ambao hospitali huuita dimensia?

Kabla hata ya kulijibu, walikwama kwenye jambo ambalo nyinyi hamlifikirii. Mtu ana miaka 70 kwa mujibu wa nani? Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Mzee wa Kiarusha ukimuuliza mwaka aliozaliwa anaweza kukutazama tu, lakini muulize alitahiriwa na rika gani, atakutajia bila kusita, na atakuongezea nani alilia siku hiyo. Basi njia ni kuuliza matukio. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha ulikuwa unachunga au ulikuwa mgongoni kwa mama? Uhuru wa 1961 ulikukuta umeoa? Hivyo hivyo, tukio kwa tukio, mpaka umri unapatikana.

Kikwazo cha pili kilikuwa kikubwa zaidi. Vipimo vya akili vinavyojulikana sana duniani vilitungwa kwa ajili ya watu waliosoma. Kimoja maarufu kilitoka Marekani mwaka 1975. Kinamtaka mtu aandike sentensi, aseme herufi za neno kuanzia mwisho kurudi mwanzo, achore umbo la pembe tano mbili zilizopishana, na aseme yuko ghorofa ya ngapi. Ghorofa! Mpelekee hilo swali bibi aliyekaa chini ya mgomba anamenya ndizi. Mtu asiyewahi kushika kalamu ukimpa karatasi achore, mkono wake utatetemeka kwa ugeni, siyo kwa ugonjwa. Alama atakazopata zitakuambia kwamba hakwenda shule. Hilo ulilijua tangu ulipobisha hodi.

Hapo ndipo njiti zinapoingia. Wazo lilitoka Ibadan, Nigeria. Huko nako watafiti waliona wazee wa Kiyoruba hawapendi kuchora, wengine wanakataa kabisa, ila njiti wanazipanga bila shida. Mwaka 2005 daktari Olusegun Baiyewu na wenzake wakalieleza jaribio hilo la njiti nne. Njiti kila mtu ameshika. Bibi yako amewasha nazo jiko tangu akiwa msichana. Na kuzipanga kwa kufuata mfano kunadai kazi ileile ya ubongo ambayo kuchora kunadai: kuona umbo, kulishika kichwani, kuupa mkono amri. Ndiyo maana nimewaambia msigeuze vichwa. Ubongo ulioanza kuchoka unaweza kukosea hapohapo. Umbo linakaribia, vichwa vinatazama kokote.

Watafiti wa Hai, wakishirikiana na wenzao wa Nigeria, wakachukua njiti hizo wakaziunganisha na maswali machache, kikazaliwa kipimo kifupi kinachoitwa IDEA. Kinachukua kama dakika kumi, na kina alama 15. Daraja ni nini? Leo siku gani ya juma? Kiongozi wa hapa kijijini nani? Taja wanyama wengi kadiri uwezavyo kwa dakika moja. Kuna na orodha ya maneno kumi ambayo mzee anasomewa, anayarudia, halafu baadaye kidogo anaulizwa anayakumbuka mangapi. Mwisho njiti. Akipata saba au chini ya hapo, haimaanishi ni mgonjwa. Inamaanisha daktari amtazame vizuri. Msiende kuwapima bibi zenu leo usiku kisha asubuhi mkatangaza matokeo mtaani. Mtu aliyechoka, asiyesikia vizuri, au mwenye mtoto wa jirani anayemcheka pembeni, atakosea tu.

Jibu la Hai, lililochapishwa mwaka 2013, lilikuwa asilimia 6.4. Yaani ukikusanya wazee mia wa umri huo, sita au saba wanao ugonjwa. Idadi hiyo haiko mbali na ya nchi tajiri. Nalisisitiza hili kwa sababu wako waliokuwa wakisema ugonjwa wa kusahau ni wa Wazungu, sisi hatuna. Tunao. Tulikuwa hatujahesabu.

Sasa ubongo unafanyaje? Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza habari za mgonjwa wake, mwanamke aliyeanza kusahau akiwa na miaka ya hamsini tu, na jina la daktari huyo ndilo limebaki kwa aina ya ugonjwa huu iliyo nyingi kuliko zote. Kwa kawaida huanza kuharibu sehemu inayoandikisha mambo mapya. Fikirieni daftari la madeni dukani kwa Mangi: kurasa za zamani zote zipo, aliyekopa unga mwaka juzi utamkuta, ila leo kalamu imekauka. Ndiyo maana bibi anaweza kuimba wimbo wa harusi wa ujana wake mpaka mwisho, kisha akuulize kama ameshakula na sahani bado iko mbele yake. Si uongo, wala si kutafuta huruma. Chakula hakikuandikwa.

Watafiti walipozihoji familia za Hai, jibu walilolisikia sana lilikuwa: ni uzee tu. Nalielewa jibu hilo, lina upole ndani yake, halimfukuzi mtu nyumbani. Lakini lina ubaya wake. Ukishasema ni uzee, hakuna anayeuliza kama macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, kama masikio yameziba, kama shinikizo la damu limepanda. Na liko jibu jingine baya zaidi, la uchawi. Bibi anayezungumza peke yake, anayetoka nje usiku wa manane asijue arudi wapi, mtu akamwona langoni kwake. Katika nchi hii, hasa upande wa Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa shutuma za namna hiyo, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mkisikia mtoto mwenzenu anamwita bibi wa watu mchawi, msinyamaze.

Dawa ya kuponya haipo, hapa wala Ulaya. Zile chache zinazopunguza makali kwa muda ni adimu kwetu. Lakini Hai walijaribu kitu ambacho hakihitaji duka la dawa. Uingereza, Aimee Spector na wenzake walikuwa wametunga mazoezi ya akili ya kikundi, wakayachapisha mwaka 2003: mikutano 14 kwa wiki saba, wazee wachache wameketi pamoja, kila siku na mada yake. Utoto. Vyakula. Sauti. Fedha. Kurusha mpira. Yalipoletwa Hai ilibidi yabadilishwe, kwa kuwa wengi hawasomi na macho ya wengi ni hafifu, hivyo gazeti na karatasi haviwafai. Yakafanywa kwa vitu vya kushika, vya kunusa, vya kuimba.

Siku ya vyakula ingekuwa hapa kwetu, najua ingeishia wapi. Ungeleta ndizi, mahindi na kibuyu cha maziwa mgando, ukauliza tu: loshoro inatengenezwaje? Msingetoka mapema. Koko mmoja, yaani bibi, angesema mahindi yakobolewe kwanza, mwingine angemwambia huko kwenu ndivyo mnavyoharibu, na yule ambaye tangu asubuhi hakujua siku ni ipi angewakatiza wote wawili kuwaambia maziwa yanatiwa wakati gani. Huko ndiko kuzoeza akili. Katika Hai walishiriki wazee 34, na walipopimwa baadaye kumbukumbu ilikuwa imepanda, wasiwasi umepungua, na vurugu zile zinazochosha nyumba nzima nazo zimepungua. Thelathini na wanne ni wachache na wiki saba ni fupi, kwa hiyo sitawaambia kazi imekwisha. Ila mimi nikiambiwa nichague kati ya hilo na kumweka mzee peke yake mbele ya televisheni inayobadilika rangi, sihitaji kufikiri.

Na hapo ndipo nakuja kwenu, watoto wa mjini. Wengi wenu bibi zenu hawakuzeekea hapa. Walikuwa na shamba huko mlimani Meru, wanakata majani ya ng'ombe, wanapanda na kushuka vilima na mzigo kichwani. Mtoto wao akajenga mjini, akamleta bibi apumzike. Kwa mapenzi kabisa. Sasa anapumzika kuanzia asubuhi mpaka jioni, geti limefungwa kwa usalama wake, na akishika fagio ananyang'anywa: kaa, bibi, utachoka.

Lakini katika mkoa wetu huu huu, upande wa Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walikaa nao wakaona kwamba wachimbaji hodari wa mizizi porini ni wanawake wazee. Mama akipata kichanga, uzito wa watoto wake wakubwa ulifuata bidii ya bibi yao. Miaka mingi baadaye, watafiti wakiongozwa na David Raichlen waliwavalisha Wahadzabe vifaa vya kusoma mapigo ya moyo. Wakaona wanafanya zaidi ya saa mbili kwa siku za shughuli zinazochangamsha moyo, na viashiria vya hatari ya maradhi ya moyo havikuonekana. Linganisheni na Hai: wazee zaidi ya 2,200 wa miaka 70 na zaidi walipopimwa, karibu saba katika kila kumi walikuwa na shinikizo la damu. Najua, kuna chumvi, kuna mafuta ya kukaangia, kuna mambo mengi katikati, msidhani ni miguu peke yake. Lakini shinikizo la damu huharibu mishipa midogo ya ubongo, na kutembea kunalishusha.

Hao hao Wahadzabe walivalishwa vifaa vya kupima usingizi pia, watu wazima 33 kwa siku 20. Muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu, kwa siku zote hizo! Wazee hulala mapema na kuamka mapema, kwa hiyo karibu kila saa yuko mtu macho anayesikiliza kama fisi amekaribia. Basi bibi akiamka saa kumi alfajiri na kuanza kupiga kikohozi chake, msinung'unike sana.

Jioni mkitoka shule, mwombe mama ruhusa, umshike bibi mkono mwende hadi gengeni. Polepole, barabara zetu zina mashimo na bodaboda hazingoji mtu. Mwache achague nyanya mwenyewe, aulize bei, ashangae kwamba zimepanda, asalimiane na watu. Mpe mchele achambue, hata kama utauchambua tena baadaye bila yeye kuona. Na akikuuliza kwa mara ya nne kama baba yako amerudi kazini, usimwambie "si nimekwambia tayari?" Mwambie, "Bado, Koko, anakuja jioni," kwa sauti ileile uliyoitumia mara ya kwanza.

Kuna jambo moja tu la kukimbilia, nalo mlishike. Kusahau kwa ugonjwa huu huja taratibu, kwa miezi na miaka. Bibi aliyelala jana na akili zake timamu, leo asubuhi hakufahamu na anaongea visivyoeleweka, huyo mwite mtu mzima hapohapo. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, sukari imeshuka, au kiharusi, na mengi ya hayo hutibika akifika hospitali siku hiyo hiyo. Haya, njiti zangu nne ziko wapi? Nimehesabu, ziko tatu.